Maonyesho ya vyuo vikuu na amana ya watu wa Newala

KILA mwaka vyuo vikuu vyetu hufungua milango, hupanga meza na mabango, na kuwaalika wakubwa kwa wadogo waje waone wanafunzi wao wamefanya nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Wiki yake ya Utafiti na Ubunifu. Serikali nayo, tangu mwaka 2019, ina mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, haya tunayoyaita MAKISATU. Ni jambo jema. Mimi ni katika wanaohudhuria maonyesho ya namna hii kila nafasi inapopatikana, na sijapata kuijutia nauli yangu. Kijana amesimama mbele ya bango lake, tai imemkaba, jasho linamtiririka, anaeleza jambo alilolihangaikia mwaka mzima. Hilo linatia moyo, hasa kwetu sisi tuliochoka kusikia vijana wakitajwa kwenye habari za bodaboda na dawa za kulevya tu.

Lakini kuna swali ambalo nimekaa nalo muda mrefu na ambalo sijasikia likiulizwa katika viwanja hivyo. Elimu inayoonyeshwa pale ni ya nani? Na ikishajulikana ni ya nani, nani ana haki ya kuiona kwanza na kusema kama ni kweli au si kweli?

Ndugu msomaji, usiharakishe kujibu kwamba elimu ni ya wote. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa Newala. Kwa asiyefika huko, ukitoka Masasi, penye yale majabali makubwa yaliyosimama tambarare kama yamedondoshwa, barabara inapanda mpaka unajikuta juu ya uwanda wa Makonde. Udongo ni mchanga, mikorosho kila upande, na ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unauona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Juu huko mito hakuna. Mama zetu wameteremka mabonde na kupanda na ndoo kichwani miaka nenda miaka rudi, na kama kuna watu katika nchi hii walioulizwa mara nyingi kwamba wanatembea saa ngapi kufuata maji, basi ni wao. Wameulizwa na wakoloni, na wafadhili, na wanafunzi. Wamejibu kila mara, kwa adabu, na mgeni akapewa na kiti.

Kuulizwa huko hakukuanza jana. Mwaka 1906 alifika Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Majivu ya Vita vya Majimaji yalikuwa hayajapoa. Kituo cha wamisionari cha Masasi kilikuwa kimechomwa mwaka mmoja tu nyuma. Weule alikaa Masasi, akapanda Newala, akafika na Mahuta. Alikuja na askari, na kamera, na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Wazee wetu wakamwimbia. Akahudhuria ngoma za unyago na kuzipiga picha. Akakusanya vinyago, vyungu na mapambo. Akawapa watu penseli na karatasi wachore, na michoro yao akaichapa katika kitabu chake. Mnyapara wa wapagazi wake, aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili, jina lake limo katika kitabu hicho mpaka leo. Kitabu kilitoka Ujerumani mwaka 1908, tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1909. Vitu vilikwenda Leipzig.

Hayo ni maonyesho ya kazi za watu wa Newala na Masasi, tena ya miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Walioyatazama walikuwa watu wa Leipzig. Waliochora na kuimba hawakuyaona.

Wengi tukisikia habari hizi tunasema, ule ulikuwa ukoloni. Kweli ulikuwa ukoloni. Mgeni yule hakuhitaji ruhusa ya mwenye wimbo maadamu alikuwa na ruhusa ya gavana. Sasa tumtazame mtoto wetu wa leo. Huyu anakuja na barua ya chuo. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inateremka wilayani, inateremka kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na kila ofisi inagonga muhuri wake. Kijana anaamkia "shikamoo", anavua viatu, anakaa mkekani. Anasoma fomu ya ridhaa, bibi anaweka dole gumba. Wiki mbili zinapita, kijana anapanda basi. Kuna tofauti kubwa kati yake na Weule, na mwenye kuikataa tofauti hiyo atakuwa hana insafu. Lakini hebu tuifuate ile elimu yenyewe inapitia njia gani. Muhuri unateremka kutoka juu mpaka kijijini, elimu inapanda kutoka kijijini mpaka juu, halafu hakuna kinachoteremka tena.

Katika maonyesho ya chuo kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, nilisimama mbele ya bango la kijana aliyetafiti namna ya kuhifadhi mbegu za kunde zisibunguliwe. Kunde zinachanganywa na majivu, zinatiwa kwenye kibuyu, kibuyu kinazibwa na kuning'inizwa juu ya meko kipate moshi. Kijana amepima, amehesabu wadudu, amechora na grafu. Kazi nzuri kabisa. Juu ya bango palikuwa na maneno kwa Kiingereza kwamba ni ubunifu wa mwanafunzi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii njia mbona ni ya bibi zetu?"

"Ndiyo mzee," akajibu bila kusita. "Nilielekezwa na bibi mmoja hukohuko Newala. Alinionyesha mpaka kibuyu chake."

"Jina lake mbona silioni?"

"Hairuhusiwi, mzee. Taratibu za utafiti zinataka tufiche majina ya watoa taarifa."

Nikamuuliza tena: majivu yale yalichekechwa? Kwa sababu nyumbani kwetu majivu hayatiwi hivihivi. Huachwa yapoe usiku kucha, yakachekechwa, na si majivu ya kila kuni. Kijana akatazama bango lake, akatazama daftari. Hakuwa ameuliza. Na majaji waliopita kabla yangu, wasomi wenye shahada zao, hawakumuuliza pia. Wangejuaje? Mwenye kujua yuko kilomita mia kadhaa kutoka pale, na hana habari kwamba kibuyu chake kinashindania zawadi.

Simlaumu kijana. Amefuata sheria alizofundishwa. Na ile sheria ya kuficha majina ina maana yake. Mtu akieleza ugonjwa wake, au ugomvi wa ardhi, au namna alivyodhulumiwa na mkubwa wa kijiji, kumtaja ni kumtia hatarini. Hapo kuficha ni stara, na stara tunaijua. Lakini je, bibi aliyefundisha kuhifadhi kunde anastiriwa na nini? Amefanya aibu gani? Kinga iliyowekwa kumlinda mnyonge imegeuka pazia la kumfutia jina. Na mara jina likifutika, mahali pake haparudi patupu. Panaandikwa jina la mwingine.

Hapa nina ushahidi kutoka katika elimu tunayoijua sisi. Wanazuoni wa hadithi walipojenga fani yao waliiweka juu ya isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka mwisho wa mlolongo. Imamu Bukhari na wenzake walisafiri mji kwa mji, na kila walichokipokea walikiandika pamoja na jina la aliyewapa, hata kama aliyewapa ni mtu asiyejulikana nje ya mji wake. Na katika waliopokewa walikuwamo wanawake wengi tu. Jina halikuwekwa kwa ajili ya kumpamba mtu. Liliwekwa ili atakayekuja baadaye aweze kurudi na kuuliza: huyu mpokezi alikuwa mkweli? Kumbukumbu zake zilikuwa nzima? Walikutana kweli na huyu anayesema kapokea kwake? Elimu isiyo na mtu nyuma yake ilihesabiwa dhaifu, hata ikiwa maneno yake mazuri.

Sasa nikabiliane na hoja ya upande wa pili, maana ina uzito. Watasema elimu si mbuzi. Ukimchukua mbuzi wangu, mimi sina mbuzi. Ukichukua elimu yangu ya kuhifadhi kunde, bado ninayo. Bibi hakupungukiwa na kitu. Wizi uko wapi? Isitoshe, bango lile likimfikia mkulima wa Singida, naye atanufaika. Kuificha elimu ndiyo dhambi, si kuieneza.

Nakubali kwamba elimu haipungui. Lakini yapo mambo yanayofungamana nayo ambayo hayagawanyiki. Shahada ni moja, inakwenda kwa mmoja. Zawadi ni moja. Mwaliko wa kwenda kwenye mkutano wa nje ni mmoja. Na kesho kampuni ikitaka kutengeneza dawa ya mbegu kutokana na majivu yale, itampigia simu mwenye jina kwenye bango. Kwa hiyo wanaposema bibi hakupungukiwa, wamehesabu elimu yake na kusahau haki yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kurudisha amana kwa wenyewe, na sioni kwa nini amri hiyo iishie kwenye fedha na vyombo. Kitu ulichopewa kwa kuaminiwa, ukaondoka nacho, ni amana. Kama unaweza kukitumia bila kukimaliza, ndiyo kabisa huna udhuru wa kutokirudisha.

Hata hivyo hoja ya haki peke yake hainitoshi. Ingekuwa ni haki tu, tungesema kijana apeleke kanga na sukari, mambo yaishe. Linalonisumbua zaidi ni ukweli.

Waliosoma kwa masheikh wa pwani wanaufahamu utaratibu huu. Mwanafunzi hakabidhiwi kitabu akaenda zake. Anamsomea sheikh, mstari kwa mstari, sheikh anasikiliza. Akikosea irabu, anarudishwa. Akiruka neno, anarudishwa. Siku sheikh anaporidhika ndipo anapompa ijaza, yaani idhini ya kusomesha alichokipokea. Mwanafunzi bora ni aliyeyarudisha mbele ya mwenyewe yale aliyoyasikia, na mwenyewe akasema: ndivyo.

Sasa nani anampa ijaza mtafiti wa Newala? Msimamizi wake chuoni anaweza kumsahihisha hesabu na mpangilio wa tasnifu. Jaji wa maonyesho anaweza kupima ufasaha wake. Lakini kama kijana alisikia "majivu" na hakusikia "yaliyochekechwa", hakuna mtu katika ukumbi mzima wa kumrudisha. Ni bibi peke yake. Kwa maana hiyo utafiti ambao haujarudishwa mbele ya waliousema haujakamilika, hata ukipewa alama za juu na kikombe. Ninavyoona mimi, kuurudisha kijijini ni sehemu ya mtihani wenyewe. Tumekuwa tukiuruka mtihani huo kwa sababu unafanyika mbali na lami.

Kusini tunayo mifano ya utafiti uliopita mtihani huo, na wa karibu kabisa ni wa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zikawa hazifiki tani 20,000. Wakati ule wataalamu wengine walitaja ugonjwa, ubwiriunga, unaovamia maua na majani machanga kama unga mweupe. Wakulima nao walikuwa na maelezo yao: operesheni vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wakaishi mbali na mashamba, mikorosho ikageuka msitu, na bei iliyokuwa ikilipwa haikumpa mtu sababu ya kutembea saa mbili kwenda kufyeka. Leo hakuna mwenye kusoma historia ya zao hili anayeacha kutaja yote mawili. Watu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, walipofanyia kazi ubwiriunga na matumizi ya salfa, hawakuwa na njia ya kujificha nyuma ya bango. Salfa hupulizwa shambani kwa mtu. Ua likinyauka, mkulima anaona. Likishika, anaona. Mkulima alikuwa jaji, apende mtafiti asipende. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na ingawa sababu za kupanda huko ni nyingi, ikiwemo bei nzuri na miche mipya, hutampata mkulima wa Tandahimba anayeuliza utafiti una faida gani kwake.

Lakini tafiti nyingi za wanafunzi hazina ua la kunyauka. Ukiandika vibaya kuhusu mila, au lugha, au maji, au ndoa za watu wa Masasi, hakuna kinachokauka. Kosa linakaa maktaba, linanukuliwa na mwingine, na baada ya miaka 20 linakuwa ndiyo habari yetu. Ndiyo maana tafiti za namna hiyo zinahitaji kurudishwa kuliko hata za mimea.

Zikirudi, wengine watakataliwa. Hilo tulikubali kabisa. Yako mambo ya jando na unyago ambayo mtu wa Newala hayasemi mbele ya watoto wala mbele ya watu wa jinsia nyingine, na nimeona mabango yakiyaeleza kwa picha na mishale mbele ya wanafunzi wa sekondari waliokuja na sare zao. Msimamo wetu kama Waislamu juu ya baadhi ya mila hizo unajulikana na wala sio mjadala wa leo. Lakini hata jambo usilolikubali, ukiambiwa kwa siri ni siri. Nyakanga aliyemwamini binti wa chuo akamweleza, angeliona bango lile angesema: hiki toa, hiki acha. Dole gumba lake kwenye fomu aliliweka kabla hajajua yatakayoonyeshwa. Ridhaa ya mtu asiyejua anaridhia nini ni karatasi tu.

Na zirudi kwa lugha gani? Hapa vyuo vyetu vina kigugumizi. Bibi alisema kwa Kimakonde, mkalimani akaweka kwa Kiswahili, kijana akaandika kwa Kiingereza. Ukanda mzima wa mabango unaweza kuupita usikute sentensi moja anayoweza kuisoma mtu aliyehojiwa. Kusema Kiswahili hakiwezi kubeba utafiti ni uvivu. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Dar es Salaam inapokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na mbingu hazijaanguka. Sitaki hata tasnifu nzima. Nataka karatasi mbili za Kiswahili chepesi, zisomeke kwa sauti barazani.

Utasikia pia kwamba hakuna fedha. Nimekadiria gharama za mabango yenyewe, mahema, spika, fulana zenye nembo na chakula cha wageni rasmi. Nauli ya basi ya kijana mmoja kwenda Newala na kurudi sidhani kama inazidi fulana kumi. Chuo kikitaka, kinaweza kuweka sharti dogo tu: hakuna bango la utafiti wa watu litakalopandishwa kwenye maonyesho mpaka liwe na muhuri wa kijiji kwamba limesomwa pale na kusahihishwa. Mihuri tunaipenda sana katika nchi hii. Basi na huu uongezwe. Na mwenye elimu aulizwe kama anataka jina lake litajwe au lifichwe. Wapo watakaosema lifichwe, na wapo watakaotaka liandikwe kwa herufi kubwa pamoja na la baba yao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko kwetu wageni wamekuja tangu 1906.

Mahali pa kuanzia pasiwe tatizo. Maonyesho mengi ya vyuo huwa katikati ya mwaka, wakati korosho za msimu uliopita zimeshaondoka na za msimu mpya bado ni maua. Katika miezi hiyo ghala la chama cha msingi linakuwa tupu. Lina kuta ndefu, lina kivuli, na kila mtu kijijini anajua njia ya kufika. Mabango ya kijana wa kunde yangeenea ukuta mmoja, na bibi angeweza kwenda kwa miguu yake mwenyewe, na kibuyu chake mkononi.